Kijiji cha Maporomoko: Llanrhaeadr katika Nchi ya Wales

Mkitazama ramani ya kisiwa cha Britania, mtaona upande wa magharibi nchi ndogo ya milima iitwayo Wales. Watu wengi hudhani kwamba Wales ni jimbo la Uingereza tu, na wenyeji wake ni Waingereza. Sivyo. Wawelisi wana lugha yao, iliyosemwa katika kisiwa kile kabla Kiingereza hakijafika, nayo ni mbali na Kiingereza. Mwingereza aliyezaliwa maili ishirini kutoka mpakani akiisikia haelewi neno, kama vile Mswahili wa Pwani asivyoelewa Kijaluo mpaka afundishwe.

Mwezi huu twapenda kuwapeleka katika kijiji kimoja cha nchi hiyo. Jina lake ni Llanrhaeadr-ym-Mochnant. Msiogope; jina lenyewe likikatwa vipande laeleweka. *Llan* ni kiwanja cha kanisa, *rhaeadr* ni maporomoko ya maji, na Mochnant ni jina la bonde. *Nant* ni kijito. Juu ya *moch* wenye elimu hawapatani, wengine wasema ni nguruwe, wengine wasema ni neno la zamani lenye maana ya upesi. Basi ni Kanisa la Maporomoko katika Bonde la Kijito cha Mbio, au cha Nguruwe, mchague wenyewe. Ile *ll* ya kwanza ndiyo shida. Yatamkwa kwa kuweka ulimi mahali pa *l* na kupuliza pumzi kando yake, na mgeni hujaribu mara nyingi kabla ya kuipata.

Kijiji kiko yapata maili 12 magharibi ya mji wa Oswestry, ulio upande wa Uingereza. Kina njia nyembamba, nyumba za mawe, malisho ya kondoo pande zote, na mto upitao katikati. Zamani mto huo ulikuwa mpaka wa majimbo mawili, hata jirani wawili waliotazamana ng'ambo na ng'ambo walikuwa watu wa Denbigh na watu wa Montgomery. Tangu mwaka 1996 pande zote mbili zimo katika jimbo la Powys. Juu ya kijiji imesimama milima ya Berwyn, ambayo kilele chake kirefu, Cadair Berwyn, chafika meta 832. Mtu wa Kilimanjaro atacheka akisikia kitu hicho kikiitwa mlima, lakini upepo wa huko wakati wa baridi hauchekeshi.

Karibu na mto pana kanisa la Mtakatifu Dogfan. Si kubwa wala si la fahari. Walakini, katika kanisa hili alitumika mtu ambaye, pengine kuliko mwingine ye yote, ndiye sababu ya Kiwelisi kuwa hai hata leo. Jina lake William Morgan, naye alikuja kuwa kasisi hapa mwaka 1578.

Yafaa kueleza kwanza hali ya mambo ilivyokuwa. Mwaka 1536 serikali ya London iliamuru kwamba Kiingereza ndicho kiwe lugha ya sheria na ya kazi zote za utawala katika Wales. Ibada nazo, zilipoacha Kilatini, zikawa za Kiingereza. Fikirini basi: kasisi asimama mbele ya wakulima, asoma Injili kwa lugha wasiyoijua, nao waitika Amina kwa kukisia. Mwaka 1563 Bunge likatunga sheria ya namna nyingine, kwamba maaskofu wa Wales, pamoja na yule wa Hereford, wahakikishe Biblia nzima imegeuzwa kwa Kiwelisi kabla ya tarehe 1 Machi 1567. Sheria ile ile ikaagiza Biblia ya Kiingereza iwekwe kando ya ile ya Kiwelisi kanisani, ili watu wakilinganisha wajifunze Kiingereza. Wale wakubwa walifikiri wanajenga daraja la kuwavusha Wawelisi waiache lugha yao. Mambo hayakuwa hivyo.

Siku iliyowekwa ilipita. Agano Jipya peke yake ndilo lililotoka mwaka 1567, kazi ya William Salesbury hasa, akisaidiwa na Askofu Richard Davies na Thomas Huet. Salesbury alikuwa mtu wa elimu nyingi mno, na elimu hiyo ikamdhuru. Alipenda maneno ya Kiwelisi yaonekane yametoka katika Kilatini, akayaandika hivyo, ijapokuwa hakuna aliyeyatamka hivyo. Tena, katika Kiwelisi herufi ya kwanza ya neno hubadilika kwa kufuata neno lililotangulia. *Tad* ni baba, lakini baba yangu ni *fy nhad*. Walimu wetu wanajua jambo la jinsi hiyo, kwa kuwa sisi nasi twasema ulimi mmoja, ndimi mbili. Salesbury mara nyingi hakuandika badiliko hilo. Ni kana kwamba mtu angetuandikia “n-limi” ili tuone shina la neno, na kutuachia sisi kazi ya kutamka “ndimi”. Msomaji kanisani alijikwaa kila mstari, na wasikilizaji wakaudhika. Tafsiri yenyewe ilikuwa njema. Maandishi yake ndiyo yaliyoifunga. Kila mwalimu aliyefundisha watu wazima kusoma atatambua kwamba jambo hili si dogo.

Salesbury na Davies walikusudia kuendelea na Agano la Kale. Sir John Wynn, aliyeandika habari za siku zile, asema waligombana juu ya maana ya neno moja tu, wakaachana, na kazi ikafa.

Ndipo akaja Morgan. Alizaliwa yapata mwaka 1545 katika nyumba ya Tŷ Mawr, bonde la Wybrnant, kaskazini ya Wales, mwana wa wapangaji wa shamba. Akasoma Cambridge, katika Chuo cha Mtakatifu Yohana, akajifunza Kiyunani na Kiebrania kwa bidii. Kisha, badala ya kukaa mahali pa vitabu na wenzi wenye elimu, akapata makanisa ya shamba, na mwisho akafika Llanrhaeadr. Huko, mbali na maktaba, akaanza kuligeuza Agano la Kale lote na kulisahihisha Agano Jipya la Salesbury.

Labda msomaji awaza kijiji cha amani, mshumaa dirishani, na mzee mtulivu akiandika. Mambo ya Llanrhaeadr yalikuwa mengine kabisa. Morgan alijitia katika shauri la kumwoza binti mmoja mrithi wa shamba kubwa, na kwa hilo akapata adui, Ifan Maredudd wa Lloran, mtu mwenye mali na mwenye kujua njia za mahakama. Ugomvi ukaendelea miaka na miaka. Mashtaka yakafika hata mahakama ya Star Chamber kule London, na katika mambo aliyoshtakiwa kasisi wetu ni kwamba alivaa bastola chini ya kanzu yake kanisani. Hatumtetei Morgan katika kila jambo. Kwa habari zilizobaki alikuwa mtu mwepesi wa kukasirika na asiyekubali kushindwa. Lakini tabia hiyo hiyo ya kutokubali kushindwa huenda ndiyo iliyomvusha vitabu 39 vya Kiebrania, jioni baada ya jioni, huku mchana akijibu hati za mashtaka.

Yasimuliwa kwamba maadui wake walimpelekea Askofu Mkuu, John Whitgift, habari kwamba mtu huyu hafai kazi hiyo, na kwamba Whitgift alipomwita na kumpima alimwona ni mwenye elimu kuliko washitaki wake wote. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa au sivyo, ni hakika kwamba Whitgift alimsaidia sana. Morgan mwenyewe aliandika katika dibaji kwamba, kwa ugumu wa kazi na wingi wa gharama, angalichapisha vitabu vitano vya Musa tu, kama Askofu Mkuu asingalimtia moyo na kumsaidia.

Kazi ya kupiga chapa ilifanyika London, na wapiga chapa hawakujua hata neno moja la Kiwelisi. Wakapanga herufi moja moja kwa macho tu, kama mtu anayenakili nakshi. Basi Morgan akauacha mtaa wake akakaa karibu mwaka mzima Westminster, nyumbani kwa Gabriel Goodman, mkuu wa kanisa kubwa la huko, ambaye naye alikuwa mtoto wa Wales. Kila karatasi ilipita mikononi mwake isahihishwe. Mwezi wa Septemba 1588, mwaka ule ule merikebu za vita za Hispania zilipokuja kuishambulia Uingereza, Biblia ya Kiwelisi ilikuwa tayari, nakala zipatazo elfu moja, na makanisa ya Wales yakaagizwa kuinunua kabla ya Krismasi.

Sifa yake ilikuwa nini? Kaskazini na kusini ya Wales watu husema tofauti, kama Mvita na Unguja. Morgan hakufuata usemi wa bonde lake. Alichukua Kiwelisi cha washairi wa zamani, walioheshimiwa pande zote, akakisafisha, akakiandika kwa jinsi ambavyo msomaji angeweza kukitamka bila kujikwaa. Kwa hiyo watu waliosema namna mbalimbali wakapata lugha moja ya kusoma. Mwaka 1620 Askofu Richard Parry na John Davies wa Mallwyd waliisahihisha Biblia hiyo, na mwaka 1630 ikatoka ndogo ya kuwekwa nyumbani. Morgan hakuyaona hayo. Alifanywa askofu, kwanza Llandaff mwaka 1595, kisha St Asaph mwaka 1601, akafariki tarehe 10 Septemba 1604.

Tukitoka kanisani, twende kuyaona maporomoko yaliyokipa kijiji jina. Njia nyembamba yapanda bonde maili nne hivi, ikizidi kubanwa na milima, na mwisho wake yakoma kabisa, kwa kuwa mbele ni ukuta wa mwamba. Hapo ndipo paitwapo Pistyll Rhaeadr. Maji yashuka futi 240 kwa hatua tatu. Kwanza ni utepe mweupe mrefu juu ya jabali. Kisha yaangukia katika shimo, na kutoka humo yapenya chini ya daraja la mwamba ambalo hakuna mwanadamu aliyelijenga. Ndipo yamwagika tena mpaka chini penye miti. Katika mashairi ya zamani yametajwa kuwa moja ya maajabu saba ya Wales. Baada ya mvua ngurumo yake yasikika mbali. Wakati wa kiangazi yapungua sana.

Mwaka 1854 alipita hapa Mwingereza mmoja, George Borrow, mwandishi wa kitabu *Wild Wales*, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa Chama cha Biblia katika Urusi na Hispania, tena alikuwa amejifundisha Kiwelisi mwenyewe kwa vitabu. Aliyasifu maji, lakini lile daraja la mwamba hakulipenda. Aliona lauharibu uzuri. Sisi twaona alikosea. Bila daraja hilo yangekuwa maji yaangukayo tu, na hayo yako mahali pengi.

Nyuma ya milima ya Berwyn, upande wa magharibi, uko mji wa Bala, na njia ya kwenda huko imekanyagwa na miguu mingi. Miaka ya 1730 Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror kusini ya Wales, alianzisha shule za kuzunguka. Mwalimu alifika mtaani, akafundisha miezi mitatu hivi wakati wa baridi, mashamba yalipokuwa na kazi chache, kisha akahamia mtaa mwingine. Wazee na watoto walikaa pamoja, na kitabu kilikuwa Biblia kwa Kiwelisi. Kufikia kufa kwake mwaka 1761 shule hizo zilikuwa zimefunguliwa mara zaidi ya elfu tatu. Hivyo watu maskini wakajua kusoma, na wakaanza kutafuta vitabu kuliko vilivyopatikana.

Mmoja wao alikuwa Mary Jones, binti wa mfumaji chini ya mlima wa Cader Idris. Mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 15, baada ya kuweka akiba miaka sita, alitembea maili 25 hivi mpaka Bala anunue Biblia kwa mwalimu Thomas Charles. Charles hakuacha kueleza shida hiyo ya vitabu huko London, na mwaka 1804 kikaundwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Kigeni. Hapo habari hii yatufikia sisi wenyewe, kwa maana ndicho chama kilichopiga chapa Agano Jipya la Kiswahili la Askofu Steere wa Unguja, na Biblia nzima ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1891. Walioikalia kazi ile walikutana na maswali yale yale ya Morgan: tufuate usemi wa mji gani, na tuandikeje ili msomaji asijikwae?

Katika njia ile ya Bala alitembea pia Ann Griffiths. Nyumba yake, Dolwar Fach, iko kusini ya Llanrhaeadr, katika mtaa wa Llanfihangel-yng-Ngwynfa. Alizaliwa mwaka 1776, akalelewa katika shamba, na mara nyingi alivuka Berwyn, safari ya zaidi ya maili 20, ili kushiriki Meza ya Bwana huko Bala. Alitunga tenzi, lakini hakujali sana kuziandika. Alimtamkia mtumishi wa nyumba, Ruth Evans. Ann aliolewa mwaka 1804, na mwezi wa Agosti 1805 akafariki baada ya kuzaa, umri wake miaka 29. Tenzi zake zingalizikwa pamoja naye. Lakini Ruth, asiyejua kuandika, alikuwa amezishika zote kichwani; akaolewa na mhubiri John Hughes, akamtamkia, naye akaziandika. Zilianza kupigwa chapa mwaka 1806, na leo hakuna mkusanyo mkubwa wa tenzi za Kiwelisi usiokuwa nazo. Katika vitabu vingi Ruth hutajwa kwa mstari mmoja. Twaona alistahili zaidi.

Karibu zaidi, nyuma ya kijiji cha Llangynog, pana kanisa dogo la Pennant Melangell, mwisho wa bonde pia. Hadithi yasema kwamba Melangell, binti wa mfalme kutoka Ireland, alikaa hapo peke yake akisali. Siku moja Brochwel, mkuu wa Powys, aliwinda sungura, na sungura akakimbilia chini ya vazi la binti. Mbwa wakarudi nyuma wakilia. Mkuu akampa bonde lile liwe mahali pa kimbilio. Watu wa hapo waliwaita sungura wana-kondoo wa Melangell, na kwa karne nyingi hawakuthubutu kuwaua. Sungura wa hadithi zetu asingalihitaji vazi la mtu. Angaliwadanganya mbwa wote na mkuu juu yake.

Zaidi ya hapo liko ziwa kubwa la Vyrnwy, na watalii hulipenda kwa misitu na ndege wake. Yawapasa kujua lililo chini yake. Palikuwa kijiji, Llanwddyn, chenye kanisa, nyumba mbili za ibada, nyumba 37 na mashamba 10. Mji wa Liverpool ulihitaji maji safi. Mwaka 1881 ukaanza kujengwa ukuta wa mawe wenye urefu wa meta 357 kuziba bonde, na mwaka 1888, miaka mia tatu kamili baada ya Biblia ya Morgan, maji yakapanda. Wenyeji walijengewa nyumba mpya upande wa chini wa ukuta, na mifupa ya wazee wao ikachimbuliwa ikazikwa upya. Ukame ukizidi, misingi ya kijiji cha zamani huonekana. Mwaka 1965 jambo hilo likatendeka tena karibu na Bala, bonde la Capel Celyn, kwa ajili ya Liverpool ile ile, ijapokuwa hakuna hata mbunge mmoja wa Wales aliyepiga kura kulikubali. Mwaka 2005 baraza la mji wa Liverpool liliomba radhi.

Lugha nayo ilipata mafuriko yake. Katika karne ya 19, katika shule nyingi za Wales, mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alitundikwa kibao shingoni, naye akakipitisha kwa mwenzake atakayekosa vivyo, na aliyekuwa nacho jioni akachapwa. Wako wazee wa Kenya na Uganda wanaokijua kibao hicho kwa shingo zao wenyewe. Katika hesabu ya mwaka 1911 wasemaji wa Kiwelisi walikuwa karibu milioni moja, yaani watu 43 katika mia. Katika hesabu ya mwaka 2021 walikuwa yapata 538,000, kama 18 katika mia. Wengi wa vijana wao wamejifunza shuleni, si kwa mama zao. Tangu mwaka 2011 sheria yakitambua Kiwelisi kuwa lugha rasmi ya Wales, na mwaka 1988 ilitolewa tafsiri mpya ya Biblia kwa kuwa wengi hawakukielewa tena vizuri Kiwelisi cha zamani.

Tŷ Mawr, nyumba aliyozaliwa Morgan, imehifadhiwa hata sasa, na ndani yake imewekwa nakala ya Biblia ya mwaka 1588. Kando yake kuna rafu za Biblia za lugha nyingi za dunia, ambazo baadhi yake zililetwa na wageni kutoka makwao, kila mtu na yake.